Wavu wa Mwanga Katika Jicho la Dereva

Vijana wa chumba cha giza cha kupimia macho, siku ile mliponiaga kwa soda na maandazi mlisema niwaandikie mambo ya kazini kabla sijayasahau. Nimekaa wiki kadhaa nikiyatafuta. Mafundisho makubwa sina. Nilichonacho ni mambo ya mikono: namna ya kushika, namna ya kuosha, namna ya kungoja. Vyeo na mishahara nitaviruka. Cheo changu cha kwanza kilikuwa kirefu kuliko chumba nilichofanyia kazi, na mshahara ulikuwa mfupi kuliko vyote viwili, kwa hiyo hapo hakuna hadithi.

Nimestaafu kwa hiari, kabla ya umri, na sababu mnaijua ingawa kwa adabu hamkuitaja: macho. Mtu aliyetumia maisha yake kuhesabu machozi ya wenzake sasa anasoma gazeti akiwa amelinyoosha mkono mzima mbele yake, na bado anatamani mkono ungekuwa mrefu zaidi.

Nilipanda kutoka Mombo kwa basi mwezi wa saba, miaka ile ya sabini watu walipokuwa wakihamia vijijini na maduka yakianza kuishiwa. Nilikuwa na shahada ya kemia kutoka Dar es Salaam, sanduku la bati, na hotuba. Hotuba ilihusu mchango wa sayansi katika kujenga nchi. Bado ninayo, hakuna aliyewahi kuniomba niitoe. Kwenye kona za barabara ile nilitapika, ingawa mimi ni mzaliwa wa Vuga na nilipaswa kuwa nimezoea. Mama aliyekaa karibu nami akaniuliza kwa Kishambaa kama ni mgeni huku. Nikamjibu kwa Kiswahili cha chuo, naye akapata jibu lake.

Hospitali ya macho ilikuwa juu ya mji wa Lushoto, kwenye mteremko wenye misonobari. Maabara yake ilikuwa chumba ambacho enzi za walowezi kilihifadhi siagi, na kwa baridi yake nadhani siagi ile ingekuwepo hadi leo kama isingeliwa. Mlangoni alisimama Mzee Shemhilu, mkuu wa maabara, mtu mwembamba mwenye koti la kahawia na kalamu tatu mfukoni ambazo mbili hazikuandika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umenawa mikono?"

"Nimenawa, Mzee. Mombo."

"Mombo ni mbali."

Akanionyesha beseni. Nikanawa. Akanitazama, akatikisa kichwa, nikanawa tena. Ilipofika mara ya tatu ndipo akaniuliza jina.

"Naitwa Naomi."

"Nimesikia una shahada."

"Ndiyo, Mzee."

"Tutaona kama haizuii kazi."

Tangu siku hiyo aliniita Msomi, kwa sauti ileile ambayo watu wengine humwitia mbuzi aliyeingia shambani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Marafiki wa hospitali walioko ng'ambo walikuwa wametuletea sanduku la lenzi laini, zile zinazokaa juu ya jicho. Mjini watu walisema ni urembo wa Wazungu wasiotaka miwani. Sisi tulizitumia kama plasta. Mtu aliyejeruhiwa konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, kila akipepesa kope hukwangua kidonda, na kidonda hakifungi. Ukiweka lenzi laini juu yake, kope huteleza juu ya lenzi na chini yake jicho linapata nafasi ya kujiponya. Sharti ni moja tu: machozi yakubali kutanda juu ya lenzi. Yakitanda vizuri, lenzi inabaki laini kama ngozi ya maziwa. Utando ukipasuka mapema, lenzi inakauka, inang'ang'ania jicho, na badala ya plasta unakuwa umempa mgonjwa jeraha la pili. Sisi wa maabara tulikuwa tukimwambia daktari, asubuhi kwa asubuhi, utando wa machozi unadumu sekunde ngapi kabla ya kupasuka.

Wiki yangu ya kwanza nilifanya kama kitabu kilivyosema: nikatia tone la rangi ya manjano ili utando uonekane. Kitabu kilikuwa cha lenzi ngumu. Lenzi laini hunywa rangi kama mchanga unavyokunywa maji, na ile ikageuka kuwa kiini cha yai na kubaki hivyo. Mzee hakunigombeza. Aliitia ndani ya kichupa, akakiweka juu ya rafu, akakibandika karatasi yenye neno moja: Shahada. Kilikaa pale miaka yote ya utumishi wake, na wageni walipouliza ni nini, aliwaambia wamuulize mwenye shahada.

Badala ya rangi, Mzee alikuwa na mtambo wake. Ulikuwa bati la biskuti lililotobolewa, ndani yake taa ya mbele ya gari iliyokuwa imeokolewa kwenye landrova mbovu, na mbele ya tundu kipande cha wavu wa dirishani wa kuzuia mbu. Taa ikiwaka, wavu ulitupa kivuli chake, na juu ya jicho la mgonjwa ukaona vimraba vidogo vya mwanga, vimenyooka kama daftari la hesabu. Wewe unakaa mbele yake, kidevu chake juu ya kigogo, jicho lako kwenye kioo cha kukuzia. Unamwambia apepese mara mbili kisha akaze macho. Unabonyeza saa ya kupimia mbio. Machozi yakiwa mazima, mistari imenyooka. Mahali pa kwanza utando unapopasuka, mstari mmoja unapinda, kama mtu ameukanyaga. Hapo unabonyeza tena. Hiyo ndiyo namba yako.

Nimewaona mkitumia mashine mpya na sina wivu nayo, au ninao kidogo. Lakini kumbukeni haya, maana mashine haitayafanya. Fungeni dirisha, upepo wa Lushoto hukausha hata maneno. Lenzi ichemsheni katika maji ya chumvi yaliyotengenezwa asubuhi hiyo, si ya jana. Ikagueni kidoleni: ikikaa kama bakuli iko sawa, ikikaa kama sahani imegeuka ndani nje. Na msianze kuhesabu kabla jicho halijatulia. Mwacheni mgonjwa aulizwe habari za nyumbani, za shamba, za watoto. Mzee alikuwa akiuliza hadi za majirani.

Kila asubuhi, kabla ya wagonjwa, tulipima jicho moja zima ili tuwe na cha kulinganisha. Jicho hilo lilikuwa langu. Nilivaa lenzi, Mzee akahesabu, na kwa kawaida nilitoa sekunde kumi au zaidi. Wagonjwa wa wodini, saa hiyohiyo, walitoa chache sana.

"Machozi yako yana shahada," Mzee alisema. Ulikuwa utani, lakini baada ya miezi kadhaa tulikuwa hatuna maelezo mengine.

Hapo ndipo alipoletwa Hamisi.

Hamisi alikuwa dereva wa lori la kijiji, upande wa Mlalo. Wanakijiji walikuwa wamelima shamba la pamoja misimu mingi hadi wakapata lori lile, na Hamisi ndiye aliyeweza kulishusha Mombo na kabichi na viazi bila kuacha nusu ya mzigo mtoni. Siku moja betri ilimpasukia usoni akiwa ameinama juu yake pale Soni. Jicho la kushoto liliokolewa kwa maji ya ndoo, la kulia likachomwa na tindikali. Alipofika kwetu alikuwa na kidonda cha konea kisichotaka kufunga, na mama yake, ambaye alikuwa amekuja kumuuguza na mkeka wake.

Daktari alimwekea lenzi, kisha akatuita mimi na Mzee pembeni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache aliyasema polepole.

"Kama machozi yake hayatandi juu ya lenzi hadi Ijumaa, naitoa, nashona kope. Jicho litabaki limefungwa miezi mingi. Likifunguliwa halitaona vizuri tena."

"Na leseni?" nikauliza.

"Barabara ile, kwa jicho moja?" Daktari alivua miwani akaifuta. "Ningekuwa mimi kijiji, nisingempa lori."

Hamisi alikuwa nyuma ya pazia na alisikia yote. Alipokaa mbele ya bati la biskuti alijaribu kucheka.

"Dada Naomi, kwetu anayenitazama hivi ni mbuzi tu, na yeye anataka chumvi."

"Usicheke. Ukicheka mistari inacheza."

"Sasa nikilia?"

"Ukilia tutapima mvua. Pepesa mara mbili. Kaza."

Mistari ilinyooka juu ya jicho lake, na kabla sijaanza kuamini, ikapinda. Sekunde tatu. Tukarudia: tatu. Nikabadilisha lenzi: tatu na kitu.

"Ngapi?" akauliza.

"Bado tunatafuta."

"Hiyo ni namba ndogo," akasema. "Namba kubwa watu huitaja."

Jumanne tulishuku maji ya chumvi. Nikatengeneza mapya, nikachuja, nikachemsha, nikaonja, jambo ambalo chuoni wangenifukuza. Kwenye jicho langu yalikuwa mazuri. Kwenye jicho la Hamisi, tatu. Jumatano tulishuku moshi wa jikoni kwa wauguzaji, wale ndugu waliokuja kuwatunza wagonjwa wao, tukamhamishia Hamisi kitanda cha mwisho, mbali na moshi wote. Tatu. Mzee akaanza kunyamaza, na Mzee akinyamaza hata maji kwenye birika yalichelewa kuchemka.

Asubuhi ya Alhamisi nilipita varandani kwenda kazini. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo na jua lilifika kwenye benchi la wodi ya wanaume. Wauguzaji walikuwa wakiwatayarisha wagonjwa wao kwa ajili ya kuonwa na daktari, kama walivyofanya kila siku: maji ya vuguvugu, kitambaa, kitana. Mama Hamisi alikuwa ameinua kidevu cha mwanawe kama cha mtoto wa miaka minne. Hamisi, mtu mzima mwenye ndevu, mtu wa kutukanana na makondakta wa Mombo, alikuwa amefumba macho na kutulia.

"Onga maundo, Mama," nikamwamkia kwa Kishambaa. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Habari ya kuamka?"

"Njema, Mama."

Alinitazama. Alinitazama vizuri zaidi ya mistari ya mwanga.

"Mbona uso umepauka hivyo? Huna mafuta?"

Sikuwa nayo. Duka letu lilikuwa halijaona mafuta ya kujipaka kwa muda mrefu, na kwa kuwa nilikuwa msomi niliyejitolea nilikuwa nimeamua kuliona jambo hilo kama uzalendo. Nikasema duka limeishiwa.

"Njoo hapa."

"Mama, nachelewa kazini."

"Kazini utakwenda na uso huo? Watasema huna watu."

Hamisi, bado amefumba macho, akasema, "Kaa tu, Dada. Mimi kumkatalia nilishindwa tangu nikiwa mdogo."

Nikakaa. Alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi aliyopewa na dada yake wa Muheza. Kwa baridi ya Lushoto mafuta ya nazi huganda, kwa hiyo alikuwa ameikumbatia kwapani, ndani ya khanga, hadi yayeyuke. Alimimina kidogo kiganjani, akasugua, akanishika uso kwa mikono miwili. Akaanza kwenye paji, akashuka mashavuni, kisha kwa kidole gumba akapita polepole juu ya nyusi na chini ya macho, pale ambapo ngozi hukauka kwanza.

Mama yangu alifariki nikiwa shule ya kati. Tangu hapo nilikuwa nikijipaka mwenyewe, haraka, kama mtu anayefuta meza. Sikujua kwamba nilikuwa nimekosa jambo hilo hadi lilipokuwa likifanyika, na lilipokuwa likifanyika sikutaka liishe.

"Umeolewa?" akauliza.

"Bado, Mama."

"Mama," Hamisi akasema.

"Namuuliza yeye. Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Vuga. Sisi ni Walutheri."

"Mm," akasema, na mikono yake haikusimama. "Uso ni uso."

Nikaenda maabara nikiwa nimechelewa na nikiwa na furaha isiyo na sababu ya kisayansi. Nikavaa lenzi ya kulinganisha, nikaweka kidevu kwenye kigogo. Mzee akabonyeza saa.

"Moja. Mbili." Akasimamisha. "Msomi, umelia?"

"Sijalia, Mzee."

"Pepesa. Kaza." Akasimamisha tena. "Mbili na nusu. Machozi yako yamefukuzwa chuo."

Lenzi ilikuwa ya boksi lilelile, maji yalikuwa yaleyale, jicho lilikuwa langu. Mzee alivuta hewa puani, akageuka, akaangalia kona zote za chumba.

"Nani anapika wali wa nazi humu?"

Nikagusa shavu langu. Kidole kiling'aa.

Nilinawa uso kwa sabuni, kisha tena, kisha mara ya tatu kama siku ya kwanza. Nikavaa lenzi mpya. Sekunde kumi na moja. Mzee akachukua lenzi nyingine, akaitandaza juu ya kizibo cha mviringo cha chupa ya kioo, akaidondoshea maji ya chumvi: yakatanda. Akapitisha juu yake kidole alichokipangusa shavuni mwangu kabla sijanawa, akadondosha tena. Maji yakajikusanya kuwa vishanga, yakabingirika kama umande juu ya jani la magimbi.

"Kila asubuhi," Mzee akasema, "wanapakwa. Wote. Kabla ya daktari."

Ilikuwa kweli, na tulikuwa tumeiona kila siku. Nani angempeleka mgonjwa wake mbele ya daktari akiwa amepauka? Ingekuwa aibu kwa ukoo mzima. Na mimi, jicho letu zima la kulinganisha, nilikuwa mzima kwa sababu tu sikuwa na mtu wa kunipaka.

Mzee alivaa koti lake. "Nenda kamwambie mama."

"Mimi, Mzee?"

"Mimi nitamwambia daktari. Kazi rahisi nimeichukua mwenyewe."

Nilimkuta Mama Hamisi akianika kitambaa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote ya adabu, na alipogeuka yakaniishia.

"Mama, yale mafuta. Yanaingia kwenye jicho kidogo kidogo. Ndiyo yanayofanya lenzi ikauke."

Alikunja kitambaa kilichokuwa bado kibichi.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe, Mama. Ni mafuta."

"Mafuta yana mikono?"

"Mama Hamisi, hata sisi hatukujua. Tumekaa miezi. Mimi mwenyewe umenipaka leo, ndiyo tukajua. Usingenipaka, kesho wangemshona."

Alikaa kwenye benchi, akaiweka chupa mapajani, akaifunga kizibo kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

"Basi atakwenda kwa daktari hivyohivyo, amepauka."

"Atakwenda hivyo, Mama."

"Watu watasema."

"Waseme," Hamisi akaitikia kutoka dirishani. "Waseme nimepauka kwa macho mawili."

Ijumaa asubuhi Hamisi alikuja chumba cha giza uso wake ukiwa mkavu kama bati la paa. Daktari alisimama nyuma yangu, sindano zake zikiwa tayari chumba cha pili. Hamisi hakutania. Mikono yake ilikuwa imeshika kingo za kiti. Alipepesa mara mbili, akakaza, na vimraba vya mwanga vikasimama juu ya jicho lake. Nilihesabu kwa sauti, jambo ambalo Mzee hakulipenda, lakini siku ile hakunizuia. Tulipofika saba nilisikia Mama Hamisi nje ya pazia akihesabu nami, kwa Kishambaa. Mstari ulipinda tulipokuwa tumefika kumi.

Daktari akasema, "Haya," akaenda kuwaambia wauguzi wazirudishe sindano kabatini.

Lenzi ilikaa jichoni mwa Hamisi wiki nyingi, na kila asubuhi nilimpima. Kazi hii ina jambo ambalo hamtalikuta kwenye kitabu. Watu wetu hawakaziani macho. Kwa mkubwa unainamisha, kwa mwanamume unageuza pembeni. Mle ndani, kwa ruhusa ya hospitali, nilikuwa nikitazama jicho la mtu kutoka umbali wa kiganja, na yeye hana ruhusa ya kupepesa. Jicho la Hamisi lilikuwa la kahawia yenye mistari ya njano, kama maji ya kijito cha msituni yanapopita juu ya majani makavu. Niliona kidonda kikijifunga kuelekea katikati, kila siku kimepungua kidogo, na nikawa mtu pekee katika wilaya nzima aliyefurahi kwa maendeleo hayo huku akiyaonea uchungu.

Hatukuzungumza mambo makubwa. Alinieleza kona za barabara, ipi inataka gia ya pili na ipi inataka dua. Mimi nilimweleza kwamba chumvi ya machozi na ya maji yetu lazima zilingane. Alisema hilo hata mke angemwambia, kama angekuwa naye. Nikamwambia akaze macho. Jioni, nikimaliza kazi na lenzi zikiwa zimefungiwa, Mama Hamisi aliniita kwenye benchi na kunipaka mafuta. "Saa hii huna jicho la kupima," alikuwa akisema. Nilijifanya kukataa, kisha nikakaa.

Yaliyofuata miaka ya baadaye mnayajua, au mnayo kwenye mafaili. Tulibandika tangazo wodini kuhusu kunawa kwa sabuni kabla ya vipimo, na tangazo hilo liliwaudhi wauguzaji wa wilaya nzima. Sanduku la lenzi liliisha, fedha za kigeni hazikupatikana, tukarudi kwenye bandeji na kushona. Mzee Shemhilu alistaafu akaenda kulima mapeasi, na mpaka alipofariki alikuwa akituma watu kuniuliza kama nimenawa. Bati la biskuti liliharibika kwa kutu. Kisha mkaja ninyi na mashine yenu.

Lakini nimeiruka siku ya mwisho ya Hamisi, na nimeiruka makusudi. Nirudi.

Lenzi ilikuwa imetolewa. Kidonda kilikuwa kimefunga. Daktari alitaka kipimo kimoja cha mwisho cha jicho tupu, kisha amruhusu aende. Kijiji kilikuwa kimeleta lori kumchukua, likiendeshwa na mtu ambaye, kwa maelezo ya Hamisi, alistahili kuendesha toroli. Mzee alikuwa ameitwa wodini. Tulikuwa mimi na Hamisi, na taa.

"Pepesa mara mbili," nikasema. "Kaza."

Nilibonyeza saa. Vimraba vilisimama juu ya jicho lake, vimenyooka, kila mstari mahali pake. Hakuna kilichopinda. Nilihesabu hadi pale palipotakiwa, nikapita, nikapita tena. Yeye hakupepesa. Maji ya kijito yalikuwa yametulia na majani yalionekana hadi chini.

"Dada Naomi."

"Usiongee."

"Umefika ngapi?"

Sikujua. Saa ilikuwa mkononi mwangu na sikuwa nikiitazama. Nilikuwa nimeacha kuhesabu muda mrefu uliopita, na sikuwa na hamu ya kuanza tena.

"Bado," nikasema.

"Bado," akakubali.

Nje lori likapiga honi. Akapepesa. Mistari ikatoweka na kurudi, kama kawaida, na lilikuwa jicho tu, zima, la mtu anayetaka kwenda nyumbani.

Katika kisanduku cha sekunde, ambapo maishani mwangu mote sikuwahi kuandika kitu kingine ila namba, niliandika: Inatosha. Daktari alilisoma, akanitazama juu ya miwani yake, akaliangalia jicho kwa taa yake mwenyewe, akatia sahihi.

Hamisi alimshusha yule dereva, akazunguka lori lake akipiga mateke matairi, akapanda kwenye usukani. Mama yake alikaa kando yake. Alikuwa ameniaga kwa mikono miwili na "hongea, mwanangu," asante ya Kishambaa, na alikuwa ameniambia niwe nakula. Hamisi aliniuliza kama sitaki lifti hadi Mombo siku moja, kwenye kiti cha mbele mtu hatapiki. Nikasema nina vipimo. Ilikuwa kweli, vipimo vilikuwepo kila siku.

Jioni nilifunga chumba, nikapita varandani, nikakaa kwenye benchi. Nilikaa kitambo, uso wangu nimeuinua kidogo, macho nimeyafumba. Mlinzi alipopita akaniuliza kama kuna mtu namngoja. Nikamwambia hapana, napumzisha macho tu, na akaendelea na safari yake ya kufunga madirisha.